Mmoja Tu Hakucheka (Sehemu ya Tisa)

"Dada mwenye kitenge cha njano, wewe mbona hucheki?"

Hapo ndipo tulipokatiwa pumzi Jumamosi iliyopita. Taa imemganda Eunice usoni, watu mia tatu wamegeuza shingo, na mchekeshaji Onesmo amemnyooshea kipaza sauti utadhani ni bunduki.

Kwa wewe uliyekosa gazeti, mambo yako hivi. Eunice ni mzaliwa wa Kiriba. Alitoroka kwao akiwa na miaka kumi na saba, na sasa amerudi baada ya miaka kumi na moja, kwa wikiendi moja tu, kwa sababu mumewe Lameck alimsumbua mpaka akachoka: nataka nione ulikozaliwa. Ijumaa walilala Bunda. Lameck akaona bango la vichekesho pale stendi, akakata tiketi, na Jumamosi saa tisa alasiri wakawa wameketi katika ukumbi mmoja mjini Musoma.

Onesmo akapanda jukwaani. Akaanza kuwachekesha watu kwa kisa cha msichana aliyejificha chini ya kichanja cha dagaa, akaona mlinzi wa mwalo, pale wavuvi wanaposhusha samaki, akipigwa kasia la kichwa mpaka akafa.

Msichana huyo ni Eunice. Na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumsimulia kwa mdomo wake.

"Kakajing'ata mkono kasipige kelele," Onesmo alikuwa amesema. "Mkono wenyewe unanuka dagaa. Kakasema moyoni, hata wakiniua leo, nitakuwa nimekufa nimekula mboga."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Lameck alicheka mpaka akajipiga mapaja. Eunice yeye aliuvuta mkono wa gauni lake ukafunika kovu la meno lililokuwa juu kidogo ya kifundo cha mkono. Mchekeshaji akamwona.

Sasa anatakiwa kujibu.

Alijua akikaa kimya ataonekana, na akikimbia ataonekana zaidi.

"Jino," alisema.

"Nini, dada?"

"Jino linaniuma. Nikicheka linazidi."

Watu walicheka kuliko walivyocheka tangu mchana. Mwanamke mmoja nyuma alipiga kigelegele. Onesmo naye alicheka, akamwambia pole, akasema atamtafutia fundi wa meno hapohapo ukumbini, na taa ikahama.

Lakini Eunice aliiona mikono ya Onesmo. Kipaza sauti kilikuwa kinatetemeka.

Alishusha pumzi. Akadhani yameisha.

Hapo ndipo alipomwona mtu wa mstari wa mbele. Wakati ukumbi mzima umerudisha macho jukwaani, mtu huyo mmoja alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti, ameweka mkono juu ya mgongo wa kiti, anamtazama. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama kama mtu anayesoma jina kwenye kitambulisho.

Mvi zilikuwa zimeongezeka na tumbo limetangulia, lakini macho yalikuwa yaleyale.

Rafaeli.

Enzi zile alikuwa na mitumbwi miwili na makokoro, zile nyavu haramu, aliyokuwa akiyaficha kwenye matete. Siku hizi ana maboti na malori ya pamba huko Bunda, na akiingia mahali watu wanainuka. Ndiye aliyelishika lile kasia. Eunice alimwona kwa macho yake, alfajiri, umbali wa hatua kumi.

"Lameck, tuondoke."

"Sasa hivi? Ndiyo kwanza kinanoga."

"Tumbo linaniuma."

"Umesema jino."

"Nakwenda msalani. Nikirudi tunaondoka."

"Haya, mke wangu. Nakusubiri hapahapa, usijali."

Alitoka akiinama kati ya magoti ya watu. Korido ya kwenda msalani ilikuwa ndefu na upande mmoja imepangwa viti vibovu. Nyuma yake alisikia mchekeshaji mwingine akitambulishwa. Kisha akasikia viatu.

Hakugeuka. Alikaza mwendo. Viatu navyo vikakaza.

"Dada, nakuomba usikimbie."

Alikuwa Onesmo. Ametoka jukwaani na jasho lake. Usoni hakukuwa na kichekesho chochote. Alionekana kijana mdogo kuliko jukwaani, na mwenye hofu kuliko hata yeye.

"Mimi sikufahamu," Eunice alisema.

"Najua. Mimi ndiye ninayekutafuta."

Alitoa mfukoni mfuko wa nailoni, ndani yake karatasi ya daftari la mistari. Akaikunjua taratibu, kwa sababu kwenye mikunjo ilikuwa karibu kuachana.

Eunice hakuhitaji kuisoma. Aliujua ule mwandiko, na lile doa la wino kwenye pembe alilokumbuka kulifuta kwa kidole. Barua hiyo aliiandika mwezi mmoja baada ya hukumu ya kesi ya yule mlinzi, akaitumbukiza kwenye kikapu cha sadaka cha kanisa la Kiriba. Haikuwa na jina.

"Si yangu," alisema.

"Dada, mkono wako una alama za meno."

"Nimesema si yangu."

Onesmo hakubishana naye. "Mimi ni mtoto wa Burito," alisema.

Eunice alirudi nyuma hatua moja. Akashika ukuta.

Burito ndiye aliyefungwa maisha kwa kifo cha yule mlinzi. Damu ilikutwa kwenye mtumbwi wake. Kila mtu alisema ni yeye, na aliyejua kwamba si yeye alikuwa msichana mmoja chini ya kichanja.

"Barua umeitoa wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa babu. Alikuwaga katekista pale Kiriba, unamkumbuka. Tumemzika Februari. Nilikuwa napanga vitu vyake, nikakuta jalada la kitabu chake cha nyimbo limeshonwa kwa uzi. Nikafumua."

"Kwa hiyo aliipata."

"Aliipata. Na aliisoma sana. Angalia mikunjo."

Miaka kumi na moja Eunice alijiambia kwamba barua ilipotea. Labda upepo uliipeperusha, au aliyehesabu sadaka aliidharau. Alisubiri Jumapili nne akiutazama uso wa katekista, na katekista aliendelea kuongoza sala kama kawaida. Jumapili ya tano akapanda gari la Mwanza. Kumbe mzee alikuwa anaongoza sala huku barua iko ndani ya kitabu alichokishika.

"Burito alikuwa mtoto wake wa kumzaa," Eunice alisema. "Angemtoa gerezani. Kwa nini alinyamaza?"

"Kwa sababu uliandika jina la Rafaeli." Onesmo aliikunja barua. "Na unajua Rafaeli ni mdogo wake baba. Babu alikuwa na watoto wa kiume wawili tu, dada. Mmoja alikuwa ameshahukumiwa. Aliyebaki ndiye huyo."

Ukumbini watu waliangua kicheko kingine. Wote wawili walishtuka.

"Baba mdogo ndiye aliyenisomesha," Onesmo aliendelea. "Sare, daftari, nauli, kila kitu. Nikifika kwake ananichinjia kuku. Nimeijua barua hii tangu Februari na bado nimekuwa nikila kuku wake, nikitafuta nani aliandika. Nikaona nisimulie jukwaani. Nimeanzia Butiama juzi, jana Bunda, leo hapa. Nilisema mtu wa kweli hataweza kucheka."

"Na yeye? Amesikia?"

"Jana Bunda alikaa mbele vilevile. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Nikadhani hajaelewa." Alitazama mlango wa ukumbi. "Kumbe na yeye alikuwa anakutafuta. Mimi ndiye niliyemsaidia."

Eunice naye aliutazama mlango huo.

"Unataka nini kwangu?"

"Jina lako tu. Jumatatu saa tatu asubuhi ombi la baba linasikilizwa, na hakuna lingine baada ya hapo. Wakili wetu, mama Gati, ameniambia barua isiyo na jina ni karatasi tu. Yuko kwao Butiama wikiendi hii. Twende sasa hivi ukamweleze, saa moja haijafika tumesharudi."

"Siwezi."

"Dada, macho ya baba yameanza kukataa. Mwezi uliopita alinitambua kwa sauti."

"Nimesema siwezi. Mume wangu hajui chochote. Nilimwambia sina ndugu, nilimwambia..." Simu ilikuwa imetikisika ndani ya pochi.

Ulikuwa ujumbe wa Lameck.

*Mke wangu mbona umenificha? Nimekutana na mzee Rafaeli wa kwenu, kumbe anakujua tangu ukiwa mtoto. Mtu mwema sana. Tuko nje kwenye gari lake.*

Eunice alikimbia. Alipita katikati ya watu wa mlangoni, akampiga kikumbo mama aliyekuwa anachana tiketi, akatokea kwenye jua kali la barabarani.

Palikuwa na pikipiki nyingi, magari manne, na wauza karanga. Gari la Rafaeli halikuwepo. Vumbi lake ndilo lililokuwa bado linashuka.

Alipiga simu. Iliita mara moja tu.

"Mke wangu, mbona umekawia hivyo?" Sauti ya Lameck ilikuwa na furaha. "Mzee amesema tutangulie, wewe Onesmo atakuleta. Kumbe Onesmo ni mtoto wa kaka yake. Dunia ndogo. Subiri, nimeweka sauti ya wazi, anataka kukusalimia."

Ukasikika mngurumo wa injini.

"Eunice, binti wa marehemu Nyangeta," Rafaeli alisema polepole. "Kumbe umekuwa mtu mzima."

"Shikamoo, mzee." Ulimi ulimwamkia kabla akili haijakataa.

"Marahaba, mwanangu. Jino linaendeleaje?"

"Limepoa."

"Vizuri. Maana huku kwetu tunaling'oaga tu." Alicheka kidogo, na Lameck akacheka naye. "Sasa sikiliza. Mimi na mkwe wangu tunakwenda Kiriba, nikamwonyeshe mahali mlipokuwa mnaanika dagaa. Mwalo uko vilevile. Hata vichanja vipo. Utakuja?"

"Nakuja."

"Njoo bila haraka. Na barabara ya Butiama ni mbaya siku hizi, nasikia. Msiifuate."

Simu ikakatika.

Onesmo alikuwa ameshafika ubavuni kwake, ameshika funguo za gari dogo aliloazima kwa safari yake ya maonyesho. Uso wake ulikuwa umemwelewesha Eunice kwamba amesikia.

"Ametaja Butiama," Eunice alisema. "Anajua kuhusu wakili."

"Panda."

Waliondoka. Onesmo aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine ukimpigia wakili. Sauti ya mama Gati ilijaa garini, kavu, ya mtu aliyezoea kukatiza watu wazima.

"Umempata?"

"Nimempata, mama. Lakini baba mdogo amemchukua mumewe. Wanakwenda Kiriba."

"Amemchukua kwa nguvu?"

"Amempa lifti. Mwenyewe amepanda kwa furaha."

"Hilo ni gumu kuwaeleza polisi, lakini nitalieleza mimi. Ninyi msimfuate. Huyo dada mlete kwangu akiwa mzima. Bila yeye hatuna kitu Jumatatu."

"Mama, ni mume wangu," Eunice alisema.

"Nimekusikia, mwanangu. Ndiyo maana nasema niachie mimi."

Walifika njia panda, pale barabara ya Majita inapoiacha ile ya Butiama na Bunda. Onesmo alisimamisha gari pembeni, karibu na mama aliyekuwa anakaanga sato. Mikono yote miwili aliiweka kwenye usukani akatazama mbele.

Na hapo, msomaji, usimhukumu Eunice haraka. Kushoto kulikuwa na mtu aliyeoza gerezani miaka kumi na moja kwa sababu yeye aliogopa. Kulia kulikuwa na mtu aliyepanda gari la muuaji kwa sababu yeye alidanganya. Wote wawili hawakuwa na kosa.

"Nimpigie nimwambie ashuke," alisema. Kidole kilikuwa tayari kwenye jina la mumewe.

"Usifanye hivyo," Onesmo alisema. "Shemeji si mtu wa kuigiza. Nimemwona ukumbini, kila kitu chake kiko usoni. Akibadilika sura, baba mdogo atajua hapohapo. Sasa hivi kinachomlinda ni kwamba hajui."

Eunice aliirudisha simu mapajani. Alijiona kama yuko tena chini ya kile kichanja, na matone ya maji ya dagaa yakimdondokea shingoni. Siku ile alijiambia, nikitulia itapita. Akatulia. Ikapita juu ya Burito.

"Nipe barua," alisema.

"Unataka kuichana?"

"Nipe na kalamu."

Onesmo alimkabidhi vyote viwili. Eunice aliiweka barua juu ya dashibodi. Alikandamiza mpaka ncha ya kalamu ikatoboa karatasi. Akaanza upya, chini ya mstari wa mwisho alioandika akiwa msichana. Akaandika jina lake, la baba yake, na la mama yake Nyangeta. Akaandika kijiji. Akaandika: *Mimi ndiye niliyeona. Aliyempiga ni Rafaeli. Burito hakuwepo.* Akaweka tarehe ya leo na sahihi.

Kisha akaegemea kiti akalia bila sauti. Hakulia kwa huzuni hasa. Alilia jinsi mtu anavyotapika chakula kibovu, ambacho hata kikitoka bado mwili unatetemeka.

"Ipige picha umtumie mama Gati," alisema. "Halafu niwashie simu nizungumze. Nitasema yote, tangu nilipoamka asubuhi ile. Nisiporudi, sauti yangu itakwenda Jumatatu."

Alisema kwa dakika sita, huku moshi wa mafuta ya samaki ukiingia dirishani. Alisema alivyotumwa kugeuza dagaa, alivyosikia watu wakibishana kuhusu kokoro lililokamatwa, na yule mlinzi, Jastin, alivyoomba, tena kwa heshima, kwamba aachwe tu arudi nyumbani. Alisema Rafaeli alivyompiga Jastin kwa kasia na kumburuta mpaka kwenye mtumbwi wa kaka yake, akanawa, akaondoka akipiga mluzi. Alipomaliza, Onesmo alikuwa ameweka paji la uso juu ya usukani.

"Mtumbwi wa baba," alinong'ona. "Aliuchagua."

Wakili alijibu kwa ujumbe: *Nimepokea. Imesikika vizuri. Sasa njooni Butiama.*

"Geuza gari," Eunice alisema. "Kiriba."

Onesmo aligeuza.

Barabara ya Majita ilikuwa na mashimo, na gari dogo lilikuwa likigonga tumbo kila baada ya hatua chache. Walipita mashamba ya mihogo, wakapita watu waliokuwa wanatoka mnadani na ng'ombe wao, wakasubiri ng'ombe wavuke. Eunice aliwahesabu akili isipate nafasi ya kufikiri. Alifika kumi na tisa.

Suguti walisimama mara moja. Mwanamke aliyekuwa akiuza mafuta ya chupa kando ya barabara aliulizwa kama ameona gari jeupe kubwa.

"Limepita muda si mrefu," alijibu. "Walinunua soda. Yule mgeni ni mcheshi, alinisalimia mpaka nikacheka."

"Na yule mwingine?"

"Mzee? Yeye alichukua kamba. Kaniambia ya kufungia boti."

Onesmo alikanyaga mafuta. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa, na maji yalianza kuonekana vipande vipande kati ya mawe makubwa. Eunice alilitambua kila jiwe. Kila moja lilikuwa na jina alilolipa akiwa mtoto, na sasa yote yalimtazama.

Mbele, kwenye mteremko wa mwisho kabla ya Kiriba, walikuta pikipiki mbili zimesimama katikati ya barabara. Vijana wanne walikuwa wamekaa juu yake, wametulia. Mmoja alinyoosha mkono: simameni.

"Hawa ni vijana wa maboti ya baba mdogo," Onesmo alisema. "Nawajua kwa majina."

Gari lilisimama. Kijana mmoja alianza kuja, akitembea bila haraka.

Simu ya Eunice ikatikisika. Alikuwa Lameck.

*Mke wangu mko wapi? Tumefika mwaloni, pazuri kweli. Mzee ana boti mpya, anataka tuzunguke kidogo tukikusubiri. Ameniuliza kama najua kuogelea. Nimjibuje nisionekane mshamba?*

Lameck alizaliwa na kukulia Kongwa. Maji mengi aliyowahi kuyaingia yalimfika magotini.

Eunice aliandika kwa vidole visivyomtii: *Mwambie unajua. Usipande boti.*

Akatuma. Kijana alikuwa ameshafika dirishani, anagonga kioo kwa pete. Eunice hakumtazama. Alikuwa anautazama ujumbe wake, uliokaa na tiki moja, na tiki ya pili, ile ya kusema umemfikia, ikakataa kutokea.